Waridi jekundu lisilonukia: je, mionzi inaweza kulitia harufu?

Msomaji kutoka Uyole, Mbeya, ameuliza: "Shikamoo mtaalamu. Nalima mawaridi ya kuuza kwa ajili ya harusi na kanisa. Ninalo jekundu, refu na zuri sana, linakaa kwenye chombo zaidi ya wiki, ila halinukii kabisa. Ninalo pia la pinki la zamani, linanukia mpaka nje ya uzio, lakini lina miiba mingi na petali zake zinapukutika siku ya pili. Mwanangu aliyeko chuoni anasema mionzi hubadilisha maua. Je, jekundu likipigwa mionzi litapata harufu? La pinki likipigwa, harufu yake itapotea? Na maua hayo yatakuwa salama kushikwa na kunuswa?"

Marahaba mama, na asante kwa swali lililonyooka.

Jekundu usilipeleke kwenye mionzi kwa matumaini ya kupata harufu. La pinki ndilo la kupeleka, tena si kwa ajili ya harufu bali kwa ajili ya miiba na hizo petali zinazopukutika. Harufu tayari unayo. Kazi yako itakuwa kuilinda isipotee njiani. Mionzi huondoa, na ni nadra sana iongeze. Miiba unataka iondoke, kupukutika unataka kuondoke, hayo ni maombi ambayo mionzi inayaweza. Kuomba harufu kwa ua lisilonayo ni kumwomba mkata miti akupandie msitu.

Suala la usalama nilimalize kwanza. Miale ya gama itokayo kwenye Kobalti-60, kobalti yenye mionzi inayotumika kupigia mimea, haiufanyi mmea uwe chanzo cha mionzi. Nishati yake, elektrovolti milioni 1.17 na 1.33, haitoshi kugeuza atomi za mmea zianze kutoa mionzi zenyewe. Kinachobaki kwenye kitawi ni majeraha ndani ya DNA, basi. Ua litakalochanua miezi kadhaa baadaye unaweza kulishika na kulinusa kama jingine lolote. Mpunga wa SUPA BC wa Zanzibar ulipatikana kwa njia hii, na watu wanaula.

Harufu ya waridi inatoka wapi

Petali ya waridi hutoa mamia ya kemikali zinazopaa hewani, lakini pua yetu inaongozwa na makundi machache. La kwanza ni jeranioli, sitroneloli na neroli. Hayo ndiyo "uwaridi" wenyewe, ule mtamu wenye uchachu wa mbali wa limau. Mchaichai ulioota pembeni mwa nyumba yako una sitrali, ambayo ni jeranioli na neroli zilizopokonywa hidrojeni; ndiyo maana harufu hizo mbili zina undugu. La pili ni fenilethanoli, yenye utamu wa asali. Hii huyeyuka kwenye maji kwa urahisi, kwa hiyo maji ya waridi yananukia asali zaidi kuliko mafuta ya waridi yaliyotoka kwenye mtungi ule ule.

La tatu ni dimethoksitolueni, iliyoingia kwenye mawaridi ya kisasa kutoka kwa mawaridi ya China. Wanunusaji huiita harufu ya chai, na watu wa Rungwe na Mufindi wanaopita karibu na kiwanda wakati majani mabichi yananyaushwa watanielewa haraka kuliko wa pwani. Kuna pia eujenoli, ile ile ya karafuu, ambayo mawaridi mengine hutoa kidogo. Mwisho ni beta-iononi na damaskenoni, zinazotokana na kukatwa kwa karotenoidi, yaani rangi za njano za jamii ya karoti. Hizi ni chache mno, katika mafuta ya waridi la Damaski hazifiki hata asilimia 1, lakini pua inazikamata kwa kiwango kidogo kuliko kingine chochote humo. Shika jambo hilo, kwa sababu linamaanisha mabadiliko ambayo mashine inayaona madogo, pua inaweza kuyaona makubwa.

Kila kundi lina mnyororo wake wa vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina jeni yake. Fenilethanoli huanza na fenilalanini, amino asidi ya kawaida. Kimeng'enya kiitwacho PAAS huigeuza kuwa fenilasetaldehidi, kisha PAR huimaliza kuwa fenilethanoli. Dimethoksitolueni humaliziwa na vimeng'enya viwili vinavyopokezana, OOMT1 na OOMT2, kila kimoja kikibandika methili yake. Jeranioli nayo ilisumbua watafiti kwa muda mrefu, kwa kuwa mimea mingine huitengeneza kwa njia ambayo waridi haliifuati. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walilinganisha Papa Meilland, waridi jekundu linalonukia sana, na Rouge Meilland lisilonukia, wakaonyesha kwamba kazi inafanywa na kimeng'enya NUDX1. Hiki huondoa fosfeti moja kwenye jeranili difosfeti, kingine kinaondoa ya pili, na jeranioli inabaki huru. Kwenye petali inayonukia jeni ya NUDX1 inafanya kazi kwa nguvu. Kwenye isiyonukia iko karibu kimya kabisa.

Neno "kimya" ndilo linalohusu jekundu lako. Waridi lisilonukia mara nyingi halijakosa jeni zote za harufu. Jeni ipo ila haiamshwi, au inaamshwa kidogo mno. Ungeweza kudhani kwamba mionzi itaiamsha. Hapo ndipo wengi wanapotea.

Mionzi inafanya nini ndani ya seli

Miale ikipita kwenye chipukizi hugonga zaidi maji, kwa kuwa seli changa imejaa maji. Maji hayo hupasuka kuwa vipande vikali vyenye kiu ya kushambulia kilicho karibu, na DNA ikiwa karibu hukatwa. Nyuzi zake zote mbili zikikatwa mahali pamoja, seli huunganisha ncha kwa haraka ili isife. Ni kama kamba ya katani iliyokatika ikafungwa fundo: inavuta tena, lakini kipande kimeliwa ndani ya fundo. Kipande hicho kinaweza kuwa herufi chache za jeni, jeni nzima, au jeni kadhaa zilizokaa pamoja. Mara nyingine kipande hugeuzwa kichwa chini au kuhamia kromosomu nyingine.

Sasa fikiria jeni iliyolala. Ili iamke, mkato unapaswa utokee mahali sahihi ubandike swichi inayofanya kazi mbele yake, au uvunje kitu kilichokuwa kinaizuia. Inawezekana, lakini ni nadra kupita kiasi. Kuvunja jeni inayofanya kazi, kinyume chake, kunawezekana kwa mkato wowote kati ya maelfu ya mahali. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuamua ni ua lipi lipelekwe.

Kuna uzito mwingine. Mawaridi mengi ya bustani yana kromosomu 28, yaani seti nne za kromosomu 7. Jeni moja inaweza kuwa na nakala nne. Ukivunja moja, tatu zinaendelea, na pua haitambui. Ila kama jeni fulani ina nakala moja tu inayofanya kazi kati ya nne, mkato mmoja unaizima kabisa. Kwa hiyo mionzi huonyesha matokeo upesi kwenye sifa ambazo mmea ulizishikilia kwa uzi mmoja, na huonekana haifanyi kitu kwenye zile zenye akiba. NUDX1 ina tabia ya pekee hapa: nakala zake zinazofanya kazi kwenye petali zimepangana bega kwa bega kwenye kromosomu. Herufi chache zikipotea ndani ya nakala moja, hakuna kinachoonekana. Kipande kirefu kikiliwa, nakala kadhaa zinaondoka pamoja na uwaridi unashuka ghafla. Ndiyo sababu dozi kubwa, inayokula vipande vingi kwa wakati mmoja, ni adui wa harufu.

Je, hakuna hali ambayo kuvunja kunaongeza harufu? Ipo. Wale wanaolima kwenye vinyungu wanajua kwamba ukiziba mchepuko mmoja wa mfereji, maji huongezeka kwenye mwingine. Kwenye waridi kuna kimeng'enya AAT1 kinachochukua jeranioli na kuigeuza jeranili asetati, yenye harufu ya matunda. Kikizimwa, jeranioli inabaki nyingi, na ua linahama kutoka utunda kwenda uwaridi mtupu. Kwenye ua la karneshoni, mwaka 2002 watafiti walizima kimeng'enya kimoja cha njia ya rangi. Rangi ikafifia na harufu ikaongezeka. Usiichukulie hiyo kama kanuni, kwa maana kwenye waridi, kuongeza kiamshi kimoja cha rangi kuliongeza rangi na harufu kwa pamoja. Ninachosema ni kwamba mionzi ikizipendelea harufu, itafanya hivyo kwa kubadilisha uwiano wa vilivyopo. Haileti kitu kipya.

Tabaka za chipukizi, mahali ambapo kazi nyingi huharibikia

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu watu wenye vifaa na fedha hupoteza mwaka mzima kwa kulipuuza jambo hili.

Ncha ya chipukizi la waridi ina tabaka tatu za seli, kila moja ikijigawa na kuendeleza ukoo wake. Tabaka la nje, L1, huzaa ngozi ya mmea mzima, ikiwemo ngozi ya petali. Tabaka la pili, L2, huzaa nyama iliyo chini ya ngozi pamoja na chavua na mayai ya mbegu. La tatu, L3, huzaa sehemu za ndani, na mizizi inayochipuka kutoka kwenye kipandikizi hutokea huko ndani. Mionzi haipigi tabaka zima, inapiga seli mojamoja. Kwa hiyo jicho (chipukizi changa lililolala kwenye kitawi) lililopigwa halibadiliki lote. Seli moja ya tabaka moja inabadilika, na ikiwa na bahati inaongezeka mpaka inajaza upande wa tawi, halafu tawi zima.

Harufu ya waridi hutengenezwa kwenye seli za ngozi ya petali, zile ndogo zenye umbo la pia zinazoifanya petali ionekane kama mahameli. Maana yake ni hii: badiliko lililotokea L1 utalinusa, ila halitapita kwenye mbegu, kwa kuwa mbegu zinatoka L2. Badiliko lililotokea L2 hutalinusa kabisa, hata kama limeivunja jeni ya harufu vipande vipande, lakini linaweza kujitokeza kwa watoto ukizalisha kwa mbegu. Basi mtu anapata waridi lenye harufu mpya, analitumia kuzalisha mbegu, watoto wote wanakuja na harufu ya zamani, naye anadhani alijidanganya. Hakujidanganya. Alichukua mbegu kutoka tabaka ambalo halikuguswa. Waridi la namna hiyo liongeze kwa kubebesha macho (kupachika jicho lake kwenye shina la waridi jingine) au kwa vipandikizi vya matawi tu. Usiliongeze kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi, hata kama hukulibebesha, maana yanatoka ndani na yatakurudishia la zamani. Hata miiba iliyoondoka inaweza kurudi kwa mlango huo huo.

Utaratibu wa kulipeleka la pinki

Kata vitawi ambavyo ua lake limetoka kuchanua, chukua macho ya katikati ya kitawi, yaliyoiva lakini bado hayajaanza kuchipua. Ondoa majani ukiacha kikonyo kifupi cha kushikia, ondoa miiba, funga kwa gazeti lenye unyevu kisha mfuko wa plastiki, weka kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Lengo liwe yapigwe na kubebeshwa ndani ya wiki moja. Macho yaliyonyauka huitikia dozi tofauti na yenye maji, kwa hiyo ukichanganya mabichi na yaliyochoka, hesabu zako zitakudanganya.

Kwanza fanya jaribio la dozi. Kila aina ya waridi ina uvumilivu wake, na namba ya waridi la mwenzio haikusaidii. Gawa macho katika makundi ya 20: la kwanza lisipigwe, mengine yapigwe grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 10, 20, 30, 40, 50, 60 na 80. Hayo ni macho 160. Yabebeshe yote siku moja kwenye mashina ya aina moja; Natal Briar inafaa na imezoeleka Afrika Mashariki. Siku ya 30 hesabu yaliyochipua, siku ya 60 pima urefu wa chipukizi. Tafuta dozi ambayo ukuaji umeshuka kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na ambayo hayakupigwa. Kwa macho ya waridi yaliyolala, jibu huangukia mara nyingi kati ya grei 20 na 60. Kwa kuwa lengo lako ni kulinda harufu, chukua upande wa chini, penye upungufu wa asilimia 30, na kundi la pili lenye grei 10 chini ya hapo. Utapata mabadiliko machache zaidi, lakini kila mmea utakaoupata utakuwa haujabomolewa mahali pengi kwa mpigo.

Kwa kazi yenyewe, idadi ndiyo mtaji. Tuseme badiliko unalolitaka linatokea kwa mmea mmoja kati ya 200. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuliona angalau mara moja unahitaji mimea kama 600. Kanuni ya haraka ni kuzidisha mara tatu. Mtu anayepeleka macho 30 na kurudi bila kitu hajathibitisha kwamba mionzi haifai.

Chipukizi la kwanza usilihukumu. Litakuwa na majani yaliyojikunja, pingili fupi, pengine ua lililopinda na harufu hafifu. Hayo ni majeraha ya mwili, si ya ukoo, na mengi yatapona. Likifikisha majani saba hivi, likate, uchukue macho ya sehemu ya chini na ya katikati, uyabebeshe tena. Kukata huku kunalazimisha macho ya pembeni yaote, na kila jicho la pembeni huanza na seli chache, kwa hiyo lile lililoketi juu ya kipande kilichobadilika linatoa tawi lililobadilika zima. Anza kunusa kwa bidii kwenye kizazi cha pili cha kubebesha, chagua, bebesha tena kwa cha tatu, na usimwambie mteja kitu chochote mpaka harufu imesimama hadi cha nne.

Mahali pa kupigia si pa kuhangaikia mwenyewe. Vyanzo vya mionzi nchini viko chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya 2003 na husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Maabara ya pamoja ya FAO na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki iliyoko Seibersdorf, Austria, hunururisha mimea kwa ajili ya nchi wanachama, lakini ombi linakwenda kwa mkono wa taasisi. Wewe uko jirani na TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, anzia hapo. Vitawi vikivuka mpaka vitahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Na tafadhali, asikudanganye mtu kwamba mashine ya eksirei ya kituo cha afya itafaa: picha ya kifua haifiki hata sehemu moja ya elfu ya grei, nawe unahitaji makumi ya grei. Jua kali la Kitulo nalo halisaidii, kwa kuwa miale yake ya urujuanimno haifiki kwenye seli za ndani ya jicho lililofungwa.

Kunusa kwa haki

Mabadiliko mengi ya harufu yanayotangazwa si mabadiliko. Ni hali ya hewa. Waridi hutoa harufu kwa kufuata joto, saa na umri wa ua. Asubuhi ya Juni hapo Uyole, baridi ikiwa bado imekaa bondeni, hata la pinki litaonekana limekufa harufu. Ua lile lile saa sita mchana ni jingine.

Kwa hiyo weka masharti na uyafuate. Chagua maua yaliyofunguka nusu, si tumba wala yaliyopanuka mpaka kiini kinaonekana. Yakate kati ya saa nne na saa tano asubuhi, siku isiyo na mvua. Yaingize chumba chenye nyuzi 20 hadi 22 kwa saa moja, kisha weka ua moja kwenye kila chupa safi ya kioo yenye mfuniko na uache dakika 30. Chupa za kachumbari usizitumie hata ukizisugua vipi. Mfuniko wake hubaki na siki. Mmea wa kulinganisha uwe la pinki lisilopigwa, lililobebeshwa siku ile ile, kwenye shina la aina ile ile, tuta lile lile. Kulinganisha na mche wa zamani wenye miaka kumi ni kosa.

Halafu panga chupa tatu, mbili za ua moja na moja ya ua jingine, bila alama inayoonekana. Mnusaji aseme ipi ni ya peke yake. Kwa kubahatisha tu atapata mara moja kati ya tatu. Rudia mara 12, kwa wanusaji tofauti, ukibadilisha mpangilio kila mara. Majibu sahihi yakifika 8 au zaidi, kuna tofauti ya kweli. Yakiwa 6, huna ushahidi wa kukutoa hapo. Wanusaji wasiwe wametoka kuvuta sigara, kujipaka marashi, wala kukaanga vitunguu, na wapumzike dakika mbili kati ya seti. Baada ya hapo ndipo waulizwe harufu inafanana na nini: limau, asali, chai, karafuu, tunda. Majibu hayo yanakuelekeza mnyororo uliokatika. Limau na uwaridi vikitoweka lakini asali ikabaki, shuku njia ya NUDX1. Asali ikiondoka peke yake, shuku PAAS au PAR. Chai ikiondoka peke yake, shuku OOMT1, ambayo hupatikana tu kwa mawaridi yenye damu ya China.

Ukipata mimea miwili mitatu iliyopita mtihani huo, inafaa kuomba maabara ya chuo yenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha na kupima kemikali moja moja. Gramu 1 ya petali zilizokatwakatwa, mililita 2 za heksani, saa 24 kwenye jokofu, na kiasi kilichopimwa cha kafuri ndani yake kama kipimo cha kulinganishia. Heksani inaonyesha kilichohifadhiwa ndani ya petali, si kinachopaa kwenda puani. Ua linaweza kuwa na akiba na lisiitoe. Waombe wapime pia hewa ya ndani ya chupa yenye ua zima, la sivyo karatasi ya maabara itabishana na pua zenu.

Na jekundu lako

Hilo lichavushe. Ua la pinki lina jeni za harufu zilizo macho, na njia ya kuzihamisha ni chavua. Litumie jekundu kama mama ikiwa matunda yake yanashika. Fungua tumba lililoanza kulegea asubuhi mapema, ondoa petali na chavulio zote (vifuko vya chavua) kabla hazijapasuka, funika kwa mfuko wa karatasi. Chavulio za la pinki zitandaze kwenye karatasi zikauke usiku kucha. Kesho yake, stigma ya jekundu (ncha inayopokea chavua) ikiwa inanata, paka chavua kwa kidole au brashi laini, funika tena. Tunda huchukua miezi minne hivi kuiva, na kwa baridi ya kwenu huenda likachelewa. Mbegu ziweke kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya jokofu, nyuzi 4, wiki 8 hadi 12, ndipo uzipande. Watoto wengi hawatanukia, baadhi watanukia kidogo, wachache ndio wa kuweka. Panda mia, si kumi.

Jambo moja la sheria kabla hujaanza. Mawaridi marefu mekundu ya biashara mengi yana haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na Tanzania ina sheria ya haki hizo ya 2012, tena ni mwanachama wa UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 2015. Chini ya mkataba wa UPOV wa 1991, ua lililopatikana kwa kubadilisha kidogo aina iliyolindwa, pamoja na kwa mionzi, linaweza kuhesabiwa kuwa limetokana na aina hiyo, na mwenye haki anaweza kukudai. Kuchavusha ili kupata aina mpya kunaruhusiwa. La pinki la zamani halina mgogoro huo.

Kwa sasa usitafute mionzi, tafuta macho. Kitawi kimoja kizuri hutoa macho sita yanayofaa, hivyo jaribio la dozi peke yake linakula vitawi 27, na kazi yenyewe vitawi 100. Kichaka kimoja hakitoshi. Piga vipandikizi vya la pinki mwanzoni mwa mvua za Novemba, andaa na mashina ya Natal Briar kwenye tuta la pembeni, na upange ubebeshaji wako kati ya Oktoba na Machi ya msimu unaofuata, wakati gome linaachia. Juni na Julai hapo Uyole gome linang'ang'ania, na jicho lililobebeshwa kwenye gome lisiloachia hufa hata kama halikuguswa na mionzi.